Karafuu Mdomoni

Enzi za Mwingereza, tulipokuwa tumepanga chumba Temeke, mtu aliyetaka kujua kama nimeamka hakuwa na haja ya kuja kunigongea. Alitega sikio tu. Nilianza na kuni: mbichi, zina moshi, na aliyeniuzia atakuja kuulizwa mbele ya Mungu. Nikitoka kwenye kuni nilihamia kwenye bomba la mtaa na foleni yake, nikapita kwenye mchele uliojaa chuya, nikapanda juu ya paa la makuti lililokuwa likivuja tangu masika ya mwaka uliopita, kisha nikashukia kwenye baiskeli ya mume wangu, ambayo ililala nasi chumbani kwa hofu ya wezi na kudondosha mafuta kwenye mkeka wangu mzuri. Jua likichomoza nilikuwa nimeshaizunguka nyumba nzima kwa mdomo, na chai bado sijanywa.

Sikujiona mlalamishi hata kidogo. Nilijiona mtu mkweli anayeishi na watu wasioona. Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, mtu mpole, maneno yake ya kutwa ungeweza kuyafunga kwenye pindo la leso. Nami nilichukulia kwamba, kwa kuwa yeye hasemi, ni wajibu wangu kusema kwa niaba ya wawili.

Aliyenizindua ni binti yangu, wakati huo yuko kwenye kung'oka meno ya mbele. Alasiri moja alikuwa uani na mtoto wa jirani wakicheza mchezo wa baba na mama. Wamepika mchanga kwenye vifuu, na yule mvulana akaja kutoka kazini amepanda kijiti, ndiyo baiskeli. Kabla hajashuka, binti yangu akajifunga kibwebwe, akaweka mkono kiunoni.

"Umekuja? Haya, njoo uone nyumba yako. Kuni mbichi. Paa linavuja. Na hilo baiskeli lako usiniwekee hapa. Mie nimechoka, walahi nimechoka. Mtu mwingine angekwisha kwenda kwao."

Ilikuwa sauti yangu. Hata ile pumzi ninayoivuta puani kabla ya kusema nimechoka, aliivuta. Yule mvulana akajilaza chini, akafumba macho. Binti yangu alipomuuliza mbona kalala, akasema, "Si ndivyo baba yako anavyofanya."

Wanawake wote waliokuwa uani waliangua kicheko. Jirani yetu wa chumba cha pili, mke wa karani mmoja kutoka bara, aliacha kumenya viazi akajifuta machozi kwa kanga. Na mimi nikacheka, tena kwa nguvu kuwashinda, maana asiyecheka ndiye aliyepatikana. Kisha nikaingia chumbani, nikaketi kitandani, na haya zikanishika. Watu wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami nilikuwa namlea huyu awe mimi.

Basi nikaamua kwamba kuanzia kesho yake nitakuwa mwanamke mwenye furaha. Sikuona ugumu wowote. Nilidhani furaha ni kazi ya nyumbani kama kufua, ukiamka mapema unaimaliza kabla ya jua kali.

Nikajiwekea mwenendo. Niamke kabla ya wote, nioge, niketi kwenye kibao nimshukuru Mungu kimya kimya kwa vile alivyonipa. Nisiseme neno chungu. Hapo nilijijua, nikajitafutia kizuizi: karafuu. Niliibana kati ya meno, na kila lawama ilipopanda kooni niling'ata. Mwanzoni niling'ata sana mpaka ulimi ukafa ganzi, na kwa siku kadhaa hata ningetaka kulalamika nisingeweza kutamka vizuri. Muuza samaki aliponipa changu aliyekwisha kulegea macho, nilimpokea, nikamwambia ahsante, Mungu akubariki. Akaniangalia. Nilipofika mlangoni alikuwa nyuma yangu mbio, ananibadilishia kwa samaki mzima. Alikuwa na hofu usoni, lakini mimi niliihesabu kuwa ni baraka ya mwenendo mwema.

Kisha nikaanza kupunguza vitu. Nilijiambia kwamba mali ina hesabu yake kesho ahera, na mwenye kingi ana hesabu ndefu. Nikafungua sanduku langu, nikatoa kanga nisizovaa, sufuria mbili, sinia, na shuka za arusi ambazo nilikuwa nazitunza sijui kwa ajili ya arusi ya nani. Nikazifunga furushi, nikajitwika, nikampelekea mdogo wangu nyumbani kwetu Buguruni. Wiki iliyofuata nikapeleka furushi jingine. Nilirudi mikono mitupu, mwepesi, natabasamu peke yangu njiani, na nikiamkiwa naitika kwa sauti ya bibi arusi.

Sasa njoo uone matunda. Mume wangu alibadilika. Aliacha kupitia kwenye kahawa jioni, akawa anarudi nyumbani moja kwa moja. Akaninunulia halua bila sikukuu. Nikimwekea chakula anasema, "Ahsante, mke wangu," nami najibu, "Karibu, bwana," kisha tunakula tukisikilizana tunavyotafuna. Jumapili moja alikuja na makuti, akaazima ngazi, akapanda paani mwenyewe. Paa nililolipigia kelele tangu masika ya mwaka uliopita alilitengeneza kwa sababu ya kimya changu. Nilisimama chini namshikia ngazi, karafuu mdomoni, na kiburi kimenijaa.

Tena nikaanza kufundisha. Nilimkalisha mke wa karani uani, nikamweleza kwamba siri ya nyumba ni kujitawala. Nikamwambia mwanamke asiyeweza kuuzuia ulimi wake ni sawa na chungu kisichokuwa na kifuniko. Alinisikiliza kwa adabu zote, kichwa kimeinama kwenye viazi vyake. Halafu akaniuliza, kwa upole, kama chumba chetu kinapata upepo usiku. Nikamjibu kinapata sana, kina madirisha mawili, alhamdulillahi. Niliona kwamba somo la kushukuru limemwingia.

Siku moja alasiri nikarudi kutoka bombani, nikakuta viatu mlangoni. Chumbani mkeka umetandikwa vizuri, na juu yake ameketi ami yake mume wangu, mzee aliyetuozesha. Pembeni yake ameketi somo wangu, mama aliyenifunda nilipovunja ungo. Somo alikuwa anakaa Kinondoni, na miguu yake mibovu. Hakuwa mtu wa kuvuka mji wote bila ya maziko au arusi. Mume wangu alikuwa kwenye kona karibu na baiskeli, na siku ile ilikuwa ya kazi. Nikasimama mlangoni na ndoo kichwani. Nilijua kuna mtu kafa, nikabaki kuwaza ni nani.

"Shikamoo, ami. Shikamoo, somo."

"Marahaba. Tua ndoo, ukae kitako," somo alisema.

Ami akakohoa. "Mwanangu, sie hatukuja kukuhukumu. Binadamu huchoka. Tunataka kujua tu mwenzio kakukosea nini, hata ukaanza kuhamisha vyombo."

"Kuhamisha vyombo gani?"

"Umeonekana na furushi njia ya Buguruni. Mara ya kwanza, na mara ya pili."

Nikafungua mdomo nieleze habari za hesabu ya ahera, lakini somo akanikata. "Usinifiche mie, nimekufunda mie. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Alfajiri unaoga. Kutwa unatafuna karafuu, unanukia kama unangoja mgeni. Unacheka peke yako njiani. Mumeo humgombezi. Nakuuliza mbele ya ami yako, ni nani huyo?"

"Huyo nani, somo?"

"Na chumba kimeshaulizwa," ami akaongeza kwa huzuni. "Mke wa karani kamwendea mwenye nyumba. Anataka ahamie humu mkishaachana, kwa ajili ya madirisha."

Nilitamani kucheka, na ningecheka, kama nisingemtazama mume wangu. Alikuwa ameinama, anazungusha kanyagio la baiskeli kwa kidole, taratibu, akilitazama linavyokwenda. Akasema bila kuinua macho.

"Mke wangu wa kwanza naye aliacha kugomba. Mie nikafurahi, nikasema sasa nyumba imetulia. Akawa ananipikia vizuri, ananiitikia vizuri. Siku moja narudi kazini nakuta chumba kimefagiwa. Vitu vyake alikuwa kashavitoa kidogo kidogo, mie sioni. Alifagia, akaenda kwao." Akalizungusha tena kanyagio, kisha akasema, "Paa nimetengeneza. Kahawa nimeacha. Sijui nimebakiza nini."

Habari za mke wake wa kwanza nilikuwa nazijua. Alikuwa mtu wa Mbwamaji, ng'ambo ya Kigamboni, na alimwacha kabla mimi sijaolewa. Nilichojua ni hicho tu. Sikupata hata siku moja kumuuliza aliondokaje. Mara ngapi, baiskeli iliponiudhi, nilimwambia ndiyo maana yule alikukimbia, nikaendelea kupepeta mchele wangu. Wazee wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilikuwa nimemtandazia mwenzangu ung'ongo chumba kizima, kisha nikakaa katikati nimejipongeza kwa furaha yangu.

Moyo uliniuma. Nilitaka kumwambia neno tamu, neno moja la kumtoa kwenye lile kanyagio. Nikafungua mdomo nikaikuta karafuu. Nikaitemea kiganjani, nikalitafuta lile neno, na hili ndilo nililolipata:

"Paa umetengeneza? Lile ndilo paa? Kwanza lilikuwa linavuja mlangoni, sasa linavuja juu ya mto wangu. Tangu uliposhuka ile ngazi nalala na shingo mbichi, nimenyamaza. Na halua, nani kakwambia mie nataka halua, jino linaniuma mwezi mzima, nimekula, nimenyamaza. Na hilo baiskeli lako tazama ulivyokaa, unalizungusha, mafuta yote mkekani. Unamtoa somo wangu Kinondoni na jua lote hili na miguu yake, unamleta ami, na nyumba haina sukari hata ya kuwatilia kwenye chai, hukusema unakuja na wageni, utasemaje na wewe husemi. Mie nimechoka, walahi nimechoka. Mtu mwingine angekwisha kwenda kwao."

Uani nikamsikia binti yangu akimwambia mwenzake, "Umesikia? Mie si nilipatia?"

Mume wangu alikuwa amejifunika uso kwa viganja, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Alipotoa mikono nikaona anacheka, lakini macho yalikuwa na machozi, na mpaka leo sijui kipi kilitangulia. Ami alikuwa ameshaanza kupapasa makubadhi yake. Somo akasema yeye haondoki kabla ya chai, yenye sukari au isiyo na sukari, kwa sababu miguu inamuuma na aliyemwitia upuuzi huu atamlipia. Nikaenda kuazima sukari kwa mke wa karani. Alinipa kikombe tele, hakuniangalia usoni, akasema upepo wa chumba chake nao si haba.

Wageni walipoondoka, jioni ile, nikamuuliza mume wangu ilikuwaje akaingiwa na hofu namna ile, wakati miaka yote nimekuwa nikimwambia nimechoka. Akafikiri sana, kama kawaida yake.

"Ukisema mtu mwingine angekwisha kwenda kwao," akaniambia, "mie najua wewe huendi."

Mwenendo wangu sikuutupa wote. Kuoga alfajiri kulinikaa, na shukrani pia, na vitu vya ziada niliendelea kuvigawa, ila nikitoka na furushi namuaga mume wangu kwanza. Karafuu niliibana kuanzia asubuhi, na watoto wangu na majirani walipata unafuu wao. Lakini jioni, niliposikia kengele ya baiskeli kwenye kona, niliitema, nikaanza na kuni. Alikuwa akifika ukumbini anapunguza mwendo, anaikokota baiskeli pole pole, nami nasikia anavyosikiliza.

Miaka mingi baadaye, alipougua ugonjwa wa mwisho, watu walinihimiza nimwuguze kwa maneno laini. Nikalainika. Nilimwita bwana wangu, nikampangusa uso, nikamwitikia kwa sauti ndogo kila alipokohoa. Mchana mmoja alifumbua macho, akayatembeza chumbani, kwenye sanduku, kwenye mkeka, mwisho akanitazama mimi.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

Nikavuta kibao, nikaketi karibu na kichwa chake. Nikaanza na kuni. Nikasema zina moshi na aliyeniuzia ataulizwa. Nikapita kwenye mchele, nikapanda paani, na sauti ilipotaka kukatika niliipandisha zaidi, mpaka jirani akachungulia mlangoni kuona mwanamke gani huyu anayemgombeza mgonjwa. Sikumjali. Nikashukia kwenye baiskeli, ambayo ilikuwa imesimama pale ukutani, haina hata upepo, nikaisema kama kawaida yake. Nikamwambia nimechoka, walahi nimechoka, mtu mwingine angekwisha kwenda kwao.

Akafumba macho, akalala.