Kamba ya Mita Hamsini

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, huku kijijini kwetu Ukata, nilipomwita kaka yangu mwizi mbele ya watu kwa sababu ya kamba. Nilikuwa sijafika miaka thelathini.

Baba alitugawia shamba kabla hajafariki. Kaka alipata bondeni, mimi nikapata mlimani kwenye ngoro, yale mashimo tunayochimba ili mvua isibebe udongo. Kila mmoja alipewa urefu wa kamba moja, mita hamsini. Siku ya kupimiwa ilipofika, bwana mpima akatandaza ramani: kaka hamsini, mimi arobaini na moja.

Mita tisa zimekwenda wapi? Nikakumbuka nilimwona kaka akimkaribisha mpima chai. Basi, wamekula njama. (Mimi ni mtu wa kushuku, sikufichi. Hata leo nikinunua sukari macho yangu hayatoki kwenye mizani.) Nikayasema yote palepale.

Mpima akachora pembetatu chini kwa kijiti. "Dada, kamba yako ililala kwenye mteremko, ndio huu upande mrefu. Ramani inataka huu wa chini, uliolala sawa. Mlima wako una nyuzi thelathini na tano, na kosini yake ni kama sifuri nukta nane mbili. Zidisha kwa hamsini. Shamba ni lilelile, hakuna shimo lililopotea."

"Hesabu yako, jibu lako," nikamwambia.

Nilitaka kupima mwenyewe. Lakini kamba ina ncha mbili, na waliokuwepo wote ghafla wakawa na haraka. Aliyeishika ncha ya pili ni kaka. Tuliteremka kipande kwa kipande, kamba tumeivuta hewani, chupa yenye maji nusu ikituonyesha kama imekaa sawa, kisha tunadondosha jiwe pale inapoishia. Tukajumlisha vipande. Mita arobaini na moja, kasoro kiganja.

Niliona aibu, nikatamani shimo mojawapo linimeze. "Nisamehe, kaka."

"Yamekwisha, mdogo wangu," akasema, akaikunja kamba vizuri, akanipa.

Alinisamehe kweli, hata wanangu alinilelea. Lakini tangu siku ile mpaka tulipomzika, hakukanyaga shamba langu bila kusimama kwanza mpakani na kuniita. Na ndiye aliyenifundisha kuchimba ngoro humo.

Kwa hiyo sikukatazi kushuku, mwanangu. Shuku, uliza, chukua kamba. Ila jina la mtu usilitoe mdomoni kabla hujamaliza kupima. Upande wa pembetatu ile usioujua utaupata, ukiwa na pembe na upande mwingine mmoja. Mimi yule kaka aliyekuwa akiingia kwangu bila hodi sikumpata tena.

Mungu akupe macho makali na ulimi wa taratibu, na asikukoseshe mtu wa kukushikia ncha ya pili.