Mahali Peupe Kwenye Daftari la Mama Neema

Dawa ile ya kusafishia mikono wanayotumia watunza wazee, nikiinusa popote, hata mlangoni pa shule ya binti yangu hapa Louisville, Marekani, narudi Columbus, tulikoishi zamani. Nina miaka tisa, na Mama Neema ananikabidhi daftari.

Wiki nzima aliogesha wazee wa watu. Jumapili alituletea kanisani mchezo wa kuigiza alioutunga mwenyewe, kwa kalamu ya bluu. Sikuwahi kuona mtu anayetoa watu kichwani mwake na kuwaweka kwenye karatasi. Nilimwogopa kama nabii.

Mchezo ulimhusu msichana aliyepotezana na mama yake wakikimbia vita. Wasichana wapole walijipanga mbele, wakitabasamu. Mimi nilinuna nyuma.

“Bon, nataka huyu mwenye kununa,” Mama Neema akasema.

“Huyu?” mama yangu alicheka. “Ana kichwa ngumu, atakuharibia mchezo!”

“Donc, basi ndiye.”

Nikawa nashinda kwake, mtaa wa Morse Road, nikisoma maneno yangu huku sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikichemka. Sentensi ikinikwama, aliikata bila kubisha. Mimi, mtoto! Lakini pale msichana anapomwona mama yake tena, kwenye daftari palikuwa peupe.

“Hapa nitasema nini?”

“Sijui. Utasema weye.”

Siku yenyewe, dada aliyepaswa kuigiza mama aliitwa kazini ghafla, ikabidi Mama Neema aingie yeye. Nikamkodolea macho, nikafoka:

“Mbona ulichelewa?”

Hapo mama wa mchezoni alitakiwa kuimba. Yeye akapiga magoti.

“Nilirudi. Sikukukuta.”

“Si hivyo! Imba!” nikamnong'oneza. Watoto wakacheka. Mama zao walilia, nikadhani ni ufundi wangu. Hakuimba, nami nilimnunia wiki nzima kwa kuniharibia mchezo.

Kisha miaka ikapita, nikajifungua binti yangu, Grasi. Watu wakaliacha jina langu, wakaanza kuniita Mama Grasi, na siku moja nikiwa namnyonyesha nikaduwaa. Kwa Mama Neema nilikula, nililala, nilijifunga vitenge vyake. Neema mwenyewe sikuwahi kumwona. Wala sikuuliza. Wakubwa wote walijua, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kitu. Mpaka leo nikiwaza hivyo damu inanichemka.

Ila yeye, bado namwogopa vilevile. Kalamu ilikuwa yake. Angeweza kujiandikia maneno ya huruma kinywani mwa yule msichana. Akaacha peupe, akatafuta mtoto mwenye hasira.