Bakuli la Bibi na Makaa ya Moto

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mwanangu, redio ya baba ikisoma habari, nilisikia mlio mkavu kutoka jikoni: ta! Naikumbuka siku ile kwa sababu nusura tumpoteze mtu.

Shemeji yangu Bhoke alikuwa na wiki moja tu tangu aolewe kutoka Ringwani, aje kwetu Morotonga. Bibi alimpa bakuli lake la kijani amwekee maziwa. Kwao, kama kwetu, kibuyu cha maziwa hutiwa makaa ya moto na kutikiswa mpaka ndani kinukie moshi. Akalitendea bakuli vivyo hivyo. Likapata ufa, ukapita katikati ya maua yaliyochomoza chini ya rangi yake ya kung'aa.

Miaka mingi baadaye, kwa kujisomea, nilijua kwamba ile ni kauri ya kale ya China, na kwamba maua yale yalikandamizwa kwa kalibu, chombo cha kutolea umbo, udongo ukiwa bado mbichi. Siku ile tulijua tu kwamba Bibi aliachiwa bakuli lile na babu yake, aliyelipata kwa wafanyabiashara wa misafara kwa kubadilishana na ngozi.

"Arudi kwao leo!" mama alifoka. "Bakuli la ukoo analitia makaa kama kigae!"

Bhoke tayari alikuwa anafunga kanga zake.

Bibi akaketi, akamimina maji bakulini. Tone likachuruzika. Akatugeukia.

"Nani alimwambia kauri haitiwi makaa?"

Akaninyooshea kidole mimi, kijana wa nyumba.

"Wewe, mura? Unayesoma hata magazeti ya kufungia sukari?"

"Sikumwambia, Bibi."

"Basi tumfukuze nani? Bhoke, weka hizo kanga. Lisiposhika maziwa, litashika mbegu za ulezi. Na kesho unisafishie vibuyu vyangu, nione kama Ringwani mnajua kazi au mnajisifu tu."

Bhoke akacheka huku analia. Mpaka leo ndiye anayetunza mbegu za nyumba ile, na mama, alipozeeka, hakutaka kuogeshwa na mkono wa mtu mwingine.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimpokea mtu nyumbani au kazini, mwonyeshe kitu na namna kinavyotumika kabla hujamkabidhi. Akikosea katika jambo ambalo hukumfundisha, keti naye, mfundishe. Mungu akupe zizi lenye maziwa, na nyumba ambayo mgeni akikosea asubuhi, jioni bado anakula nanyi.