Jina Langu Ndani ya Ohangla

Ukitaka kujua jarida la Sauti ya Ufuo lina wafanyakazi wangapi, niangalie mimi. Ndimi mhariri, ndimi mwandishi, na kila mwisho wa mwezi ndimi ninayezunguka mitaa ya Manyatta na Obunga kwa baiskeli nikiacha nakala kwa vinyozi na kwenye saluni. Ni kurasa chache zilizobanwa kwa pini. Naandika habari za ohangla, muziki wa ngoma wa Wajaluo, na kasoro yangu ni moja tu: Kijaluo sikisikii.

Kisumu hatusemi mtu anaelewa lugha, tunasema anaisikia. Mimi ni mtoto wa Busia, na baada ya miaka yote hii mjini nasikia maneno ya kununulia samaki, na neno hera, yaani mapenzi. Mengine humuuliza jirani yangu Rosa, anayekaanga samaki mlangoni kwake, naye hunijibu huku akigeuza mbuta na kugombana na wateja. Kwa elimu hiyo nikajiita mhakiki.

Tamaa yangu ilikuwa kutajwa katika wimbo. Hapa watu hutoa pesa mbele ya jukwaa ili mwimbaji awasifu kwa majina, na asiyewahi kuimbwa ni kama hajafika mjini. Mama yangu hakuwahi kuamini kwamba kuandika habari za ngoma ni kazi. Nilitaka sana asikie jina la mwanawe likitoka kwenye spika.

Basi Ajwang, mwimbaji anayependwa kuliko wote huku ziwani, akatoa wimbo mpya. Nikasikia hera, tena hera. Rosa, bila kuinua kichwa, akasema ni wa mapenzi. Nikaandika ukurasa wa mbele kwamba hakuna wimbo unaofaa zaidi kumwingiza bibi harusi. Bwana harusi mmoja wa Muhoroni, Mungu amsamehe, aliniamini. Bibi harusi alipoingia, shangazi zake waliketi kwenye nyasi wakalia kwa sauti, na mhubiri akauliza ni nani amefariki. Habari ziliponifikia nilijipongeza, nikasema wimbo umewagusa.

Mwezi uliofuata Ajwang alipiga shoo katika hoteli moja kando ya ziwa. Katikati ya wimbo ule ule akaniona, akatabasamu, akaimba jina langu: Wechuli. Watu wakacheka, nami nikadhani ni furaha. Nilicheza kwa mabega, nikacheza kwa kiuno, nikainua jarida juu kama kombe. Nilikuwa nimetajwa bure, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Badala yake nikarekodi, nikamtumia Mama kabla hata sijakaa.

Asubuhi nikamchezea Rosa ile rekodi. Safari hii aliwaacha samaki waungue.

"Wechuli, wewe unasikianga nini? Huyu alikuwa anaaga mamake, wamemzika juzijuzi tu. Sasa ameongeza yako. Anasema, 'Nikilia, Wechuli anasikia harusi.'"

Nilikuwa nimechukua kilio cha mtoto aliyefiwa na mama nikakivisha shela, kisha nikakichezea kiuno mbele yake. Niliona aibu iliyonishuka mpaka miguuni.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Mama. Nyuma yake nilisikia wimbo wa Ajwang ukipigwa na watu wakipiga makofi. Alisema amewaita akina mama wote wa kanisa waje wamsikie mwanawe akiimbwa Kisumu, na kwamba sasa ameamini nina kazi. Sijawahi kumsikia na furaha kama ile. Kisha akaniuliza jambo ambalo mhakiki yeyote angelijibu bila shida.

"Baba, hawa wanauliza, wimbo unasema nini?"

Rosa alinitazama. Niliibana simu sikioni.

"Mama," nikasema, "mimi sisikii vizuri."

Basi akaongeza sauti.