Filamu ya Kutisha kwa Ayeeyo

Juzi dada yangu alinikuta na binti yake wa miaka tisa tukitazama filamu ya zamani ya mtu anayegeuka mnyama usiku. Akaizima palepale.

"Haiwafai watoto," alisema.

Mimi ni mwoga. Hata ujumbe mfupi naukagua mara tatu kabla ya kuutuma. Lakini filamu hiyohiyo niliitazama nikiwa na umri wa mtoto huyu, alasiri moja kwa bibi yetu, Ayeeyo, hapa Garissa. Chumba kilinukia ubani na maziwa ya ngamia yenye moshi. Mnyama alipolia, nilidhani ni fisi, tena yuko nje. Nilitoka mbio bila viatu, nikaliziba zizi la mbuzi kwa miiba, nikarudi ndani.

Ayeeyo alicheka hadi machozi. "Naa, msichana wewe, umeziba vizuri?"

"Nimeziba, Ayeeyo."

"Basi keti. Tuone huyu maskini atakula nini."

Leo najua mnyama yule alikuwa mtu aliyevaa manyoya. Ila siku ile nilijua naweza kuogopa na bado nikaziba zizi, na hilo sijafundishwa na filamu yoyote ya watoto.

"Akiota vibaya je?" dada aliuliza.

"Atalala kwangu," nilimjibu, nikaiwasha tena.