Dresa mstaafu wa Mkunya ajifunza kuogelea kwa mkewe

Saa mbili asubuhi, maji ya Ruvuma yamepungua na mchanga umejitokeza katikati ya mto. Isabela Nakapanya amesimama nyuma ya mtumbwi, upondo mkononi, anausukuma taratibu kufuata ukingo. Mbele yake ameketi mumewe, Cuthbert, amepakata gitaa.

"Baba Julia, usiegemee kushoto," anamwambia.

"Sijaegemea. Wimbo ndio umeegemea," anajibu mzee, na anaendelea kupiga.

Cuthbert ana miaka sitini na mbili, Isabela hamsini na sita. Nyumba yao iko Mkunya, juu ya uwanda wa Newala, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka hapa. Tangu Cuthbert astaafu udresa, kazi ya kuuguza na kufunga vidonda hospitalini, mwaka 1956, hushuka mtoni Jumatatu na kupanda Ijumaa, ili Jumapili wawahi kanisani. Msimu wa kuokota korosho hawashuki kabisa.

Isabela ni mtoto wa mto huu. Baba yake, marehemu Mzee Bwanali, alikuwa mvushaji. "Nilijua kupiga kafi kabla sijajua kutwanga," anasema. Alipoolewa alibatizwa, akapandishwa Mkunya, ambako maji huteremkiwa bondeni. Kwa miaka zaidi ya thelathini alitoka na mtungi kabla ya jua kuchomoza, akarudi jua likiwa la utosi.

"Wakati wa posa nilimwambia, siku nikiacha kazi tutarudi mtoni," anakumbuka Cuthbert. "Nilisema kama vijana wasemavyo. Kumbe mwenzangu aliyaweka moyoni."

Alipostaafu, alimpa mchonga mitumbwi baiskeli yake, naye akampa mtumbwi. Baiskeli yote, isipokuwa waya mmoja wa breki, ambao tayari alikuwa ameufanya uzi wa gitaa. Gitaa lenyewe aliachiwa na kibarua wa mkonge kule Lindi, ambaye Cuthbert alimuuguza kidonda cha mguu kwa miezi miwili.

Miaka miwili ilipita hivyo: mke akiendesha, mume akipiga. Halafu ikaja Machi ya mwaka jana. Mto ulikuwa umejaa. Kiboko aliibuka ubavuni mwa mtumbwi, ukapinduka. Cuthbert hakujua kuogelea.

"Nilimwona mkono tu," anasimulia Isabela. "Nikapiga mbizi, nikamkamata ukosi wa shati. Nilimvuta mpaka kwenye matete. Alikuwa mzito kama gunia lililolowa."

Gitaa liliokotwa na wavuvi siku ya pili, limeachana ubavuni. Mtumbwi ulikwama mbele kidogo, maji yanakoelekea, haukuvunjika. Lakini Cuthbert alipanda Mkunya akasema hatashuka tena.

"Katika kazi yangu nimewafumba macho watu waliozama," anasema. "Nilikuwa nikilala nawaona."

Isabela hakumbembeleza, wala hakwenda peke yake. Miezi mitatu walikaa nyumbani. "Sikumlaumu hata kidogo," anasema. "Ila kila Jumatatu naamka, najifunga khanga vizuri, halafu nakumbuka hakuna pa kwenda."

Mumewe alikuwa akimwona. Jumatatu moja alimkuta anafagia ua ambao alikwisha kuufagia. "Nikaona nimeivunja ile ahadi ya posa," anasema Cuthbert. "Nikamwambia, Mama Julia, nifundishe kuogelea."

Isabela alimfundishia pale wanapochota maji wanawake, mahali palipozungushiwa uzio wa miti kuzuia mamba. Mkewe alimshika tumbo kwa mikono miwili, kama afanyiwavyo mtoto. Kinamama wenye mitungi walisimama kutazama.

"Shikamoo babu," mmoja alimwita siku ya kwanza. "Maji yamekukataa?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Bado tunaposana."

Ilimchukua wiki tano kuogelea kutoka nguzo hadi nguzo. Siku hiyo kinamama walipiga vigelegele, na Isabela, asiyezoea kulia, alilia. Gitaa lilipelekwa Masasi kwa fundi seremala aitwaye Reginald, akaligandisha kwa gundi. "Sauti imekuwa kama ya mtu mwenye mafua," anasema Cuthbert. "Lakini inaimba."

Pamoja na hayo yote wanashukuru. "Wengi niliofanya nao kazi hawakufika uzee," anasema Cuthbert. "Mimi nimefika, na aliyekuwa ananisubiri nimemkuta. Sina la kumdai Mungu."

Septemba hii, mto ukiwa mdogo kabisa, wana safari. Dada mkubwa wa Isabela, Bibi Stamili, anaishi ng'ambo, upande wa Wareno, siku mbili kwa mtumbwi kuelekea juu. Macho yake yamepofuka na hawezi kusafiri. Ndugu hao hawajaonana kwa miaka kumi na tisa. Cuthbert anajifunza wimbo wa Kiyao ambao mabinti hao walikuwa wakiimba zamani. Mkewe humwimbia mstari, naye anautafuta kwenye nyuzi. Beti mbili zimekubali.

"Nimempelekea habari kwa wavushaji," anasema Isabela, akiuegesha mtumbwi kwenye mchanga. "Amejibu nisichukue zawadi yoyote, ila nimlinde huyo mume wangu anayeogopa maji. Nami nimemjibu kwamba huyo hatakuja. Nitakuja na mwingine."