Tazama Karto

Faharasa, ile orodha ya majina nyuma ya kitabu, ni kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kumshukuru Rumiyati kwa kuifanya. Miaka ishirini na sita amepanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Solo, kisiwani Java, na watu wamesifu majalada, wamesifu picha, hata karatasi yenyewe wameisifu. Faharasa isifiwe na nani? Msomaji huikumbuka siku asipopata anachokitafuta, na siku hiyo hutukana.

Kitabu hiki kilimchosha kuliko vyote. Kilikuwa historia ya ushirika wa wachora batiki wa mtaani kwao, kurasa mia tatu na kumi, na sasa ilibaki siku moja tu kiingie mashineni, saa nne asubuhi. Wiki mbili alishinda mbele ya kompyuta akichagua jina, akilitia alama, akihamia jingine, hadi macho yakamwasha kama yametiwa sabuni. Hayo angeyavumilia. Ila nyumbani kulikuwa na mama yake, Mbok Jumirah, aliyechora batiki katika ushirika huo miaka arobaini, na kila asubuhi aliuliza swali lile lile.

"Nduk, mwanangu, mimi nimo?"

Bibi huyu hakujua kusoma. Jina lake tu ndilo alilolitambua, kwa sababu alikuwa akilichora kwa nta kwenye pindo la kila kitambaa. Na kitabuni alikuwemo, ila si kwa jina hilo. Kila mahali aliitwa Bu Karto, Mama Karto, na Karto alikuwa mumewe.

Asubuhi hiyo ya mwisho Rumiyati aliiamuru programu ikusanye alama zote. Ikakusanya. Alipoona ilichomwaga alitamani kulia. Kwenye herufi B walijaa wanawake wa mtaa mzima: Bu Harjo, Bu Karto, Bu Sastro, Bu Wiryo. Kwenye P walijaa wanaume, Pak huyu na Pak yule. Programu haikuwa na kosa, ilipanga kama ilivyopewa. Kosa lilikuwa la malezi. Mjava gani amtaje mtu mzima bila heshima yake? Kila alipofika kwenye jina, Rumiyati alilichukua pamoja na Bu au Pak yake, mara mia nne na kumi na mbili, maana kuandika Karto mtupu nafsi ilimsuta.

Mhariri, Mas Hendratno, yaani Kaka Hendratno, mdogo kwake kwa miaka kumi na tano, aliinama kwenye kioo cha kompyuta akaangua kicheko.

"Bu Rum, hii faharasa au choo cha stesheni? Wanawake huku, wanaume kule!"

"Cheka, Mas. Macho yanayoumia si yako."

"Si unageuza tu? Karto, koma, Bu. Kwisha kazi."

"Karto ni marehemu baba. Aliyechora ni mama, na mama ana jina."

"Kitabu kimesema Bu Karto, na faharasa hufuata kitabu. Haya, weka Jumirah, halafu mbele yake, 'tazama Karto'. Lakini kesho saa nne, Bu Rum. Sisogezi hata dakika."

Mchana alichukua orodha akaenda nayo nyumbani, kwa kuwa majina ya wale wanawake sitini na watatu hayakuwa yameandikwa popote ila kichwani mwa mama yake. Alimkuta barazani anachagua mchele.

"Bu Wiryo?"

"Painah. Mkono mwepesi, mdomo mzito."

"Bu Sastro?"

"Sakinem huyo! Aliimba mpaka nta inagandia kikaangoni. Tulimkoma."

Wakaenda hivyo, jina kwa jina. Kwa wawili tu bibi alikwama. Alifumba macho, akasaga midomo, akashindwa, na kushindwa huko kulimuuma waziwazi.

"Na mimi?"

Rumiyati akamwonyesha. Kidole kilichopinda kikalifuata jina taratibu, kama kinalitia nta.

"Ndilo. Na haya mbele yake yanasemaje?"

"Yanasema, tazama Karto."

Bibi akaondoa kidole. "Kwa hiyo anayenitafuta anaambiwa niko kwa mume."

"Ndivyo kitabu kilivyoandika, Mbok."

"Miaka arobaini walibisha hodi wakimuulizia mke wa Karto. Nilidhani karatasini nitakuwa peke yangu."

Akaurudia mchele wake. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza Rumiyati zaidi. Alikuwa amechoka, mgongo ulimtaka alale, lakini alirudi kazini. Alijua jambo moja ambalo Mas Hendratno hakulijua: alama haishiki neno lililo kwenye ukurasa tu, hubeba lolote utakaloliandika ndani yake. Akazifungua moja moja. Palipokuwa na Bu Wiryo akaandika Painah, palipokuwa na Bu Karto akaandika Jumirah. Magharibi ilimkuta hajafika nusu. Alfajiri alikuwa kitini tena.

Saa nne kasoro dakika kumi Mas Hendratno akaisoma.

"Bu Rum, nimesema faharasa inafuata kitabu!"

"Kitabuni sijagusa hata nukta. Anayemtafuta Bu Karto atampata. Atapelekwa kwa mwenyewe, basi."

Kijana akatazama saa, akatazama yale macho mekundu, akatia sahihi.

Wale wawili wasiokumbukwa walibaki Bu Harjo na Bu Mangun, na Rumiyati hakuwa na la kuwafanyia. Akachapa ukurasa mmoja, akaupeleka nyumbani.

"Nimo?" akauliza bibi.

"Umo, Mbok. Kurasa kumi na nne, zote kwenye jina lako."

"Na kwa Karto pamesemwa nini?"

"Tazama Jumirah."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

"Maskini Karto," akasema. "Angenitazama angali hai."